Suruali ya mpira yaniingiza maji na tundu silioni. Wajuzi nisaidieni kabla ya maji makubwa ya bamvua

#1 MwanaTudor
Salaam wakuu.

Nina vizimba vya kaa kokoni, kwenye mikoko, upande wa Tudor, Mombasa. Kazi yangu naifanya maji yakiwa ya kiuno, yakipwa ni tope tupu. Mwaka jana nilinunua Kongowea, kwenye mitumba, ile suruali ya mpira ndefu ya kufika kifuani, ya kijani, imeshikana na gamboti zake. Shilingi 2,500. Miezi ya kwanza natoka baharini miguu mikavu kama niliyetoka msikitini. Tangu mfungo uishe, mguu wa kushoto watoka soksi chapachapa.

Niliyoyajua nimeyafanya. Nimemimina ndoo ya maji ndani nikaitundika kwenye mwembe, nikakaa nayo nusu saa: halikudondoka hata tone. Usiku nikazima taa, nikaingiza tochi ndani ya mguu, mke wangu akazunguka nje kutafuta mwanga: hakuna hata nukta. Asubuhi nikaivaa, nikaingia maji ya kiuno dakika 30, nikatoka nikakamua soksi ya kushoto.

Najua mtaniuliza kwa nini sivai kaptula kama wazee wetu. Nina kisukari, mwaka wa 6 huu. Chaza walionata kwenye mizizi ya mikoko wakata kama wembe, na mguu wangu hauniambii tena ukikatwa. Kliniki wamenikataza kukanyaga bahari miguu mitupu. Bamvua yaja wiki ijayo na vizimba vyataka kusafishwa. Maji yapita wapi?

#2 Kijana_Mtwapa
Hilo ni jasho, kaka. Umejifunga ndani ya mpira kuanzia kifuani hadi unyayoni, kwenye joto hili la Mombasa, unatarajia nini? Mimi nilivaa ya neoprini kule Mtwapa nikitafuta chambo, nikatoka nimelowa hadi mgongoni na suruali ilikuwa mpya kutoka kwenye karatasi yake.

#3 MkeWaMvuvi
Panya. Ya mume wangu ilining'inizwa stoo ikiwa na harufu ya kamba, panya wakaitoboa nyuma ya goti. Tundu lilikuwa dogo kama la sindano ya cherehani. Nilikuja kuliona mwezi wa pili, tena kwa kupapasa kwa ncha ya kidole, si kwa macho.

#4 MwanaTudor
Ahsanteni. Kijana wa Mtwapa, ingekuwa jasho ingelowa miguu yote miwili. Wa kulia sio mkavu kabisa, lakini haukamuliki.

#5 Kijana_Mtwapa
Onja hayo maji basi. Yakiwa na chumvi ni bahari.

#6 Mwalimu_wa_Zamani
Kijana, jasho nalo lina chumvi. Tofauti ni kiasi: lita 1 ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, jasho ni kidogo sana kwa hiyo. Ulimi waweza kuhisi, lakini kwa maji ya Tudor yalivyo, na yale mabomba ya taka yanayomwagwa humo, simshauri mtu aonje chochote.

Kuhusu ile ndoo. Ndugu MwanaTudor, ilikuwa ndoo ya lita ngapi?

#7 MwanaTudor
Ya lita 10, mwalimu. Ilifika chini kidogo ya goti.

#8 Mwalimu_wa_Zamani
Basi hujaipima suruali yako, umeipima gamboti.

Maji husukuma kulingana na kina. Ukisimama maji ya kiuno, unyayo wako una karibu mita 1 ya maji juu yake. Ukimimina ndani maji ya goti, unyayo wasukumwa kwa nusu ya hiyo tu, na kila kilicho juu ya goti hakikuguswa kamwe. Ukitaka kuuliza swali lile lile ambalo bahari inauliza, jaza mguu mzima hadi mapajani. Hiyo ni lita 25 na zaidi, yaani kilo 25 na zaidi, kwa hiyo usiitundike kwa mikanda ya mabega, itakatika. Isimamishe ndani ya pipa, au ilaze kwenye ubao ulioinama, mtu akushikie.

#9 Bin_Kilindini
Mita 1 ya maji ni sawa na hewa yote ya dunia kukukalia, nilisoma hivyo. Mpira wa mitumba hauwezi.

#10 Mwalimu_wa_Zamani
Hapana, ndugu. Ni mita 10 za maji ndizo zinazolingana na kanieneo ya hewa. Mita 1 ni sehemu 1 ya 10. Hata hivyo ni nguvu ya kutosha kupitisha maji kwenye tundu usiloliona.

#11 FundiPancha_Kongowea
Mkuu achana na ndoo. Njoo na hiyo suruali kwangu. Twafunga kifua kwa kamba ya tubu, twaingiza hewa, twapaka povu la sabuni kwa brashi. Tundu lenyewe lajitangaza. Kisha kiraka cha tubu na gundi ya solushen, dakika 10 waenda zako. Nimeshaziba mbili za hivyo, moja ya mtu wa kuchimba mitaro.

Ila usikubali mtu akuwekee hewa ya kompresa ya lori. Ile ya pili niliwekewa na kijana wangu, mshono wa mapajani ukafunguka mzima kama ganda la ndizi, nikamlipa mwenyewe. Hewa ya mdomo wa blowa ya vumbi yatosha. Ijae tu, isikazane.

#12 NyeriHadiNyali
Naunga mkono hewa na povu. Mimi mtu wa bara, nimeishi Nyali miaka 11, lakini ujanani nilifanya kibarua kwenye mabwawa ya trauti kule Kiganjo. Wale samaki sio wa Kenya asili, waliletwa mito ya Aberdare mwaka 1905, na hadi leo watu huwavua wakiwa wamesimama mtoni na suruali hizi, maji ya baridi yanayokata mfupa. Huko hakuna wa kusema ni jasho.

Kuna njia nyingine tuliyofundishwa: spiriti. Geuza suruali ndani nje, nyunyizia spiriti upande wa ndani, na penye tundu patatokea doa jeusi hapo hapo. Weka alama kwa kalamu kabla haijakauka.

#13 MwanaTudor
Mkuu, spiriti nimenunua duka la dawa leo jioni, nimenyunyizia chupa nzima. Sikuona doa. Nyumba yote yanuka hospitali.

#14 NyeriHadiNyali
Samahani sana, kosa ni langu. Niliandika haraka. Spiriti yafaa zile za kitambaa kinachopumua tu, zile zenye utando ndani wenye vitundu vya kupumulia vidogo mno: mvuke wa jasho hutoka, maji hayaingii. Spiriti hutambaa kwa urahisi kuliko maji, kwa hiyo hupenya tunduni na kulowesha kitambaa, pakawa na doa. Ya kwako, ukisema ni ya kijani na imeshikana na gamboti, nadhani ni ya plastiki. Juu ya plastiki spiriti hukauka bila kukwambia kitu.

#15 Shoga_Mikindani
Hapo ndipo nataka kusema na FundiPancha. Mimi na wenzangu tuna kikundi cha kupanda mikoko, tulipewa suruali 4. Moja ilipasuka, tukapeleka kwa fundi wa baiskeli, akaweka kiraka cha tubu na solushen. Siku ya tatu kiraka kilielea peke yake mbele yangu. Tukajaribu gundi ile ya tone moja, ikakauka ngumu kama kucha, nilipopiga goti ikavunjika na ikazidisha mpasuko. Mwisho mtu akaleta silikoni ya madirisha. Ilikaa wiki 2 ikabanduka, na sasa hakuna gundi inayoshika pale, kila kitu chateleza. Suruali nzima imekuwa ya kufunikia kuni.

#16 FundiPancha_Kongowea
Fundi huyo hakuparuza na msasa. Mpira ni mpira.

#17 Shoga_Mikindani
Aliparuza, fundi. Nilikuwa nimesimama pale.

#18 Mwalimu_wa_Zamani
Mpira sio mpira, fundi wangu, kwa heshima. Solushen ya tubu imetengenezwa kushika mpira wa kweli. Suruali nyingi za bei nafuu ni PVC, plastiki iliyo ndugu wa mabomba ya maji, na solushen haiingiani nayo. Inakaa juu kama ukoko. Neoprini nayo ni kitu cha tatu, ina gundi yake ya kupaka pande zote mbili, kusubiri ikauke kidogo, kisha kubandika mara moja.

#19 Bin_Kilindini
Neoprini si inatoka kwenye mti wa mpira?

#20 Mwalimu_wa_Zamani
Inatoka maabara. Iligunduliwa Marekani mwaka 1930, mpira wa kutengenezwa.

#21 FundiPancha_Kongowea
Sawa mwalimu, nimekubali kwa PVC. Ile ya mchimba mitaro ilikuwa mpira mweusi, ndiyo maana imedumu. Lakini mteja atajuaje ana ipi?

#22 NyeriHadiNyali
Chukua gundi ya mabomba ya PVC, weka tone moja pindoni, ndani, pasipoonekana. Subiri dakika moja, gusa kwa kijiti. Ikilainika na kunata, ni PVC. Isipofanya kitu, sio. Ila msiitumie gundi hiyo hiyo kuziba: yakauka ngumu, imekusudiwa bomba lisilokunjika. Tafuteni ile ya vinyli laini, ya maboya na boti za kujaza hewa. Au gundi ya yurethani, inakauka ikabaki nyumbufu kama ufizi, lakini yataka kuachwa usiku kucha, na heri saa 24.

#23 Mtanga
Wenzangu wa Mombasa, Tanga twaziita gamboti za kifuani. Nyinyi suruali ya mpira. Juzi nimesikia mtu akisema weda. Tupatane kwanza jina.

#24 MkeWaMvuvi
Iite utakavyo, ikivuja yavuja.

#25 MzeeMatlai
Nimewasoma tangu jana. Mimi nimefanya kalafati, kuziba nyufa za vyombo vya mbao, tangu nikiwa mtoto, baba yangu akinishikisha nyundo na pamba katika majahazi yaliyopandishwa ufukoni. Nawaambieni jambo moja ambalo hata mwanagenzi hufunzwa mapema: maji hayaingilii pale unapoyaona.

Chomboni unaona maji yamesimama karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, unasema mbao ya chini imeoza, unaing'oa bure. Maji yameingia juu, penye msumari uliolegea, yakafuata taruma, zile mbavu za chombo, yakateremka kimya kimya hadi chini. Ndiyo maana tukitafuta, hatuanzii penye dimbwi. Twakausha chombo chote kwa kitambaa, kisha twakaa na taa kungoja mstari wa kwanza wa unyevu, na twaufuata kwenda juu.

Kijana wangu wa Tudor, soksi ndilo dimbwi lako. Mimi nadhani ni mshono wa mapajani, pale miguu inapokutana. Hapo ndipo panapovutwa kila unapopanda mashua au kuvuka mzizi. Maji yaingia pale, yafuata mguu wa kushoto, yafika chini. Na ulimimina maji hadi goti. Ungeyaonaje?

#26 MwanaTudor
Mzee, shikamoo. Hili sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

#27 MzeeMatlai
Marahaba. Vaa gazeti.

#28 MwanaTudor
Gazeti, mzee?

#29 MzeeMatlai
Kunja kurasa ziufuate mguu, kutoka pajani hadi kifundo, zifunge kwa uzi juu ya soksi ndefu au suruali ya kulalia. Ingia maji ya kiuno dakika 10 tu, sio 30. Toka, vua polepole. Karatasi itakuonyesha mstari. Ukichelewa yote italowa na hutajua mwanzo.

#30 NesiWaPwani
Naingilia kidogo kwa sababu ya kisukari, wengine mniwie radhi.

Kaka MwanaTudor, vaa soksi nyeupe. Sio za rangi. Mguu usiohisi hauwezi kukwambia umekatwa, lakini soksi nyeupe itakwambia kwa damu. Ukivua, kagua katikati ya vidole na chini ya unyayo, tumia kioo au mwambie mkeo. Mguu ukilowa ndani ya mpira kwa saa nyingi ngozi huwa laini nyeupe, na fangasi huingia hapo kabla ya kitu kingine.

La pili. Maji ya chumvi yenye joto yana vijidudu vya vibrio, na kwa mtu mwenye sukari au ini bovu kidonda kidogo chaweza kuharibika kwa siku moja. Mguu ukivimba, ukawa mwekundu, ukauma kuliko kidonda chenyewe kilivyo, usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo, na uwaambie ulikuwa baharini.

Na ukiwa na kidonda wazi, wiki hiyo usiingie, hata na suruali mpya. Kaa watangoja.

#31 MwanaTudor
Dada, nimekuelewa. Mke wangu amesoma juu ya bega langu, amekwenda kutafuta soksi nyeupe za mtoto wa shule.

#32 Kijana_Mtwapa
Bado nasimama na jasho langu. Pima soksi kwa mizani kabla na baada. Mizani haina upande.

#33 Mwalimu_wa_Zamani
Hilo ni wazo zuri kuliko yote uliyotoa, Kijana. Na nikuongezee hoja dhidi yako: kule kwenye mito ya baridi anakotoka NyeriHadiNyali, mvuke wa mwili hugonga ukuta baridi wa suruali ukawa maji. Mtu hukuta matone ndani na akadhani pamevuja. Maji yetu huanzia nyuzi 25 hivi wakati wa pepo za kusi hadi 29 au 30 kabla ya masika, kwa hiyo ukuta sio baridi. Lakini jasho lenyewe ni jingi, na halina pa kutokea.

#34 Bin_Kilindini
Kwa hiyo yuko sawa ama hayuko sawa?

#35 Mwalimu_wa_Zamani
Mizani itasema.

#36 MwanaTudor
Nimerudi. Leo nimeingia mara mbili.

Mara ya kwanza kwa gazeti la MzeeMatlai, maji ya kiuno, dakika 10. Nimevua nikiwa nimeketi juu ya jiwe, mke wangu akivuta gamboti. Gazeti la kulia kavu, limejikunja kwa jasho tu. La kushoto lina mstari mmoja mweusi, upana wa vidole viwili, unaanzia juu kabisa upande wa ndani wa paja na kuteremka hadi kwenye muundi. Nilishtuka. Mzee alisema akiwa hata hajaiona.

Mara ya pili niliingia maji ya goti tu, kwa nusu saa, na soksi nilizozipima kwa mizani ya duka la jirani. Kavu, kila moja gramu 60. Baada ya nusu saa, ya kulia gramu 95, ya kushoto gramu 170. Sasa paja halikuguswa na maji, na soksi ya kushoto bado imekunywa zaidi ya gramu 100. Nieleweje?

#37 Kijana_Mtwapa
Gramu 35 za kulia ni jasho. Nashukuru mizani.

#38 FundiPancha_Kongowea
Matundu mawili. Kila siku naona hivyo kwenye tubu: mtu ameondoa msumari mmoja amefurahi, wa pili umekaa kimya.

#39 MzeeMatlai
Au ni tundu moja la pajani na maji ya asubuhi yalibakia ndani ya bitana ya gamboti. Uliikausha kati ya mara ya kwanza na ya pili?

#40 MwanaTudor
Niliigeuza juu chini robo saa, mzee. Haikukauka kweli.

#41 NyeriHadiNyali
Mimi nadhani ni mkunjo wa kifundo. Angalia pale gamboti inapokutana na mguu wa suruali. Ukitembea, pale hujikunja mara elfu kwa siku. Mpasuko wa mkunjo ni kama mdomo: suruali ikining'inia imenyooka, mdomo umefumba, haupitishi maji wala mwanga wa tochi. Ukipiga hatua unafumbuka. Ndoo yako isingeuona, tochi isingeuona. Kunja kwa mkono huku umeijaza hewa, upake povu palipokunjwa.

Na je, ulikuwa ukiihifadhi imekunjwa?

#42 MwanaTudor
Imekunjwa mara nne, juu ya paa la banda. Juani.

#43 MkeWaMvuvi
Subhanallah.

#44 Shoga_Mikindani
Jua la Mombasa hata ndara laikausha ikapasuka, sembuse hiyo. Zetu 3 zilizobaki twazitundika kwa visigino, juu chini, ndani ya banda, na twazisuuza kwa maji ya kisima kila jioni.

#45 Salim_wa_Likoni
Nimefika sasa, naona hakuna aliyetaja mshipi wa kiunoni. Ndugu, hiyo suruali ikiingia maji kifuani ukianguka itakuvuta chini kama nanga. Jirani yetu nusura atuache hivyo.

#46 NyeriHadiNyali
Mshipi kiunoni ni lazima, hapo tuko pamoja. Lakini la nanga sio hivyo. Maji yaliyo ndani hayana uzito ukiwa ndani ya maji. Hayakuvuti. Shida yaanza unapotaka kutoka: kila mguu una lita 25, huwezi kupanda ukingo wala kuingia mashuani. Na ukiwa kwenye mkondo suruali iliyojaa hushikwa kama tanga. Mshipi uliokazwa hupunguza maji yanayoingia, ndiyo kazi yake.

#47 Salim_wa_Likoni
Wewe umesoma, jirani yetu alikuwa ndani yake. Alisema alivutwa.

#48 MzeeMatlai
Wote mwasema kweli. Mkondo ulimvuta, yeye akahisi ni suruali. Maji ya bamvua hapa hupanda na kushuka mita 3 hivi kwa saa 6, na yote hayo yapita kwenye milango myembamba. Mikanda ya mabega ivaliwe juu ya shati, sio chini ya koti, ili uifungue kwa mkono mmoja. Na usiende peke yako, kijana wangu.

#49 Bin_Kilindini
Tukimaliza hapa naomba mtu anieleze kaa mmoja wauzaje siku hizi.

#50 FundiPancha_Kongowea
Matokeo kutoka kwangu. MwanaTudor amekuja leo asubuhi na suruali begani. Tumeijaza kwa blowa, tumefunga kifua. Mshono wa paja la kushoto, utepe wa ndani umebanduka urefu wa kidole, povu limetoka jingi. Kisha nimekunja kifundo kama alivyosema NyeriHadiNyali. Kikiwa kimenyooka, kimya. Nikikunja, vipovu vidogo vitatu, vimepangana kama shanga, vinatoka kimoja kimoja. Nikinyoosha, vinakoma. Miaka 14 ya pancha sijaona kitu kama hicho.

Na nyuma ya goti kuna alama za meno. Hazijapenya, lakini ni meno.

#51 MkeWaMvuvi
Nilisema mimi.

#52 MzeeMatlai
Hazijapenya, binti yangu.

#53 MkeWaMvuvi
Bado, baba.

#54 MwanaTudor
Fundi hakunitoza kitu, Mungu amlipe. Tone la gundi ya bomba lililainisha pindo, ni PVC. Gundi ya vinyli laini nimeipata duka la vifaa vya boti. Nimeparuza kwa msasa mwembamba hadi mng'aro ukaondoka, nimefuta kwa spiriti iliyobaki, nimekata viraka vya duara kwa sababu kona huanza kubanduka, nimebandika paja kwa ndani na nje. Kifundo nimebandika nikiwa nimekikunja nusu juu ya chupa, ili kiraka kisivutike nikitembea.

Imetundikwa kwa visigino ndani, sio juani tena. Maji ya Jumatano yatakuwa yamekupwa kabisa kama saa 4 asubuhi. Nitaingia saa 2 yakiwa bado ya kiuno, na shemeji yangu, na mshipi, na soksi nyeupe, na gazeti.

#55 Mtanga
Kifundo kukibandika kimekunjwa, kikinyooka kiraka si kitajikunyata katikati?

#56 NyeriHadiNyali
Kitakunyata kidogo. Heri kikunyate kuliko kivutwe.

#57 Shoga_Mikindani
Mimi ningekibandika kimenyooka nikaweka kiraka kipana.

#58 FundiPancha_Kongowea
Kwenye tubu twabandika ikiwa na hewa kidogo, hapo katikati ya nyinyi wawili.

#59 Kijana_Mtwapa
Pima soksi tena Jumatano. Kulia itakuwa gramu 95, andikeni.

#60 MzeeMatlai
Gazeti liwe Taifa Leo, karatasi yake yanywa upesi. Na ukiona mstari mpya, kijana wangu, ufuate kwenda juu.